Nyumba Iliyojengwa kwa Siku Moja

Wewe ambaye umefungiwa maandazi kwa gazeti hili na hujui mimi ni nani, sogea nikueleze upesi. Naitwa Simeon Motari. Motari ni babu yangu mzaa mama, maana mama hakuolewa. Aliitwa Bonareri, Mkisii, Msabato wa kufa kupona, na aliuza chai na maharagwe karibu na mizani ya miwa pale Awendo. Baba yangu alikuwa Chifu Elkana wa upande wa Asumbi, mtoto wa chifu, mjukuu wa chifu, mwenye malori ya kubeba miwa. Malori yalikuja Awendo, chifu akayafuata, nami nikapatikana.

Alinisomesha mpaka darasa la tano, kisha akanyamaza kabisa. Mama alipokufa, wajomba zangu walimzika nje ya ua, karibu na shimo la takataka, kwa sababu binti asiyeolewa hazikwi ndani ya boma. Siku hiyo nilijiambia mimi sitazikwa hivyo. Mimi nitakuwa na kwetu.

Wiki jana hadithi niliiacha Masara. Nilikuwa nimetoka ndani ya shimo la dhahabu, matope mpaka masikioni, nikapokea simu ya mtu nisiyemjua.

"Mimi ni Japheth, ndugu yako," akasema. "Baba amelala. Njoo tumzike."

Kuna walioniandikia wakiuliza kwa nini nilienda, kama mimi ni mjinga. Nilienda kwa sababu aliniita ndugu. Umri wangu wote hakuna mtu wa boma lile aliyewahi kuniita hata kwa jina.

Lakini kuna jambo niliwaficha wiki jana, na sijamwambia padri wala pasta. Leo nalitoa. Nilisema uongo mbele ya maiti ya baba yangu, na uongo huo ndio ulionifunga kamba.

Nilifika Alhamisi saa nne asubuhi. Jeneza lilikuwa limetoka mochari ya Homa Bay siku hiyo hiyo, limewekwa chini ya hema mbele ya nyumba kubwa ya chifu. Kando yake alikaa mjane, Mama Rispa, amevaa koti la marehemu mumewe. Alinitazama mara moja tu, kisha akatazama chini.

Japheth alikuja mbio kunipokea. Mtu mrefu, mnene, mwalimu mkuu wa shule, shati jeupe. Alinishika mkono kwa mikono miwili.

"Omera, ndugu yangu, umefika," akasema. "Nilikuwa naogopa hutakuja."

"Nimekuja."

"Wazee wanataka kukuuliza maneno kidogo. Usiwe na wasiwasi. Ni desturi tu."

Wazee walikuwa watano. Mkubwa wao aliitwa Mzee Ogweno, binamu ya baba, mkongojo mkononi, macho makali. Walinisimamisha kando ya jeneza.

"Wewe ni nani?" Mzee Ogweno akauliza.

"Mimi ni Simeon, mtoto wa Elkana."

"Elkana wa nani?"

Hapo ndipo walidhani wamenipata. Mtoto wa nje, mama Mkisii, angejuaje? Lakini hawakumjua mama yangu. Kila Jumamosi jua likishazama, Sabato imekwisha, alinikalisha tukichagua mawe kwenye maharagwe ya kesho na kunisomesha majina ya ukoo wa baba. Elkana mwenyewe ndiye aliyempa, wakati bado wanapendana. Nikikosea jina moja, narudia yote tangu mwanzo.

"Elkana wuod Ogutu," nikasema. "Ogutu wuod Radoli. Radoli wuod Migwalla. Migwalla wuod Ombewa, aliyekuja na ng'ombe wawili na kukata kichaka hapa."

Wuod ni mtoto wa kiume wa fulani. Nilitamka bila kutetemeka. Mama mmoja nyuma akaanza kulia. Mzee Ogweno akawatazama wenzake, nao wakatikisa vichwa kukubali.

"Damu ni yetu," akasema. "Sasa swali la mwisho. Wewe na Japheth, nani alitangulia kuona jua?"

Msomaji, swali hilo kwenu linaweza kuonekana dogo. Kwa Wajaluo si dogo. Mtoto wa kwanza wa kiume, kayo, ndiye anayejenga karibu na lango. Ndiye anayesema kabla ya wengine, anayetupa udongo wa kwanza kaburini, anayepanda shamba kabla wadogo zake hawajagusa jembe. Anayemruka kayo anajiletea chira, laana ya kuvunja mpangilio.

Ukweli niliujua. Japheth alizaliwa mwaka wa themanini na nne. Mimi themanini na sita, mvua za masika, mama aliniambia mara mia. Mimi ni mdogo.

Lakini kitambulisho changu kinasema themanini na tatu. Nilipokuwa na miaka kumi na tano nilijiongezea mitatu ili niandikwe kukata miwa. Vijana wengi wa Awendo wamefanya hivyo, na hakuna aliyekufa.

Nilisimama pale na watu mia mbili wananitazama. Maisha yangu yote nimekuwa wa mwisho. Wa mwisho kula kwa wajomba, wa mwisho kugawiwa kitanda, wa mwisho hata kwenye foleni ya kushuka shimoni Masara. Na sasa mtu ananiuliza kama ningependa kuwa wa kwanza.

"Mimi nilitangulia," nikasema, nikatoa kitambulisho.

Mzee Ogweno hakukitazama. "Karatasi ni ya serikali," akasema. "Weka mkono juu ya baba yako, useme tena."

Nikaweka mkono juu ya jeneza. Mbao zilikuwa baridi, na vanishi bado inanata. Nikasema tena.

Akina mama wakapiga vigelegele na vilio kwa pamoja. Japheth akanikumbatia, akanishikilia muda mrefu, machozi yakinilowesha shingo. Mimi nilidhani ni furaha ya kupata kaka.

Sijamaliza chai, mashimo ya nguzo yalikuwa yamechimbwa karibu na lango. Nguzo, mabati na misumari vilikuwepo tayari, vimefunikwa kwa turubai nyuma ya jikoni. Mafundi sita walifanya kazi bila kupumzika. Saa kumi jioni nyumba ilikuwa imesimama: chumba kimoja, mlango mmoja, bila dirisha.

"Hii ni simba yako," Japheth akaniambia. Simba ndiyo nyumba ya kijana wa kiume katika boma la babake. "Kayo hawezi kumzika baba hana nyumba."

Niliingia ndani nikasimama peke yangu. Haikuwa na kitu ila harufu ya mbao mbichi. Nikalia. Nilipiga picha nikamtumia mke wangu Kemuma kule Masara. Nikamwandikia: tumepata kwetu.

Alinipigia papo hapo.

"Simeon, wamekupa nyumba kama nani?"

"Kama mtoto wa kwanza."

Kemuma anajua umri wangu, maana yeye ndiye hunikumbusha siku yangu ya kuzaliwa.

"Umewaambia nini hao watu?"

"Walitazama kitambulisho."

"Baba Makori," akasema, na akiniita kwa jina la mtoto najua amekasirika, "rudi kwa wazee sasa hivi uwaambie. Uongo wa kutafuta kazi ni mmoja. Huo wa mbele ya maiti ni mwingine."

"Nitawaambia tukishazika."

Mwanaume mwenye akili angemsikiliza mkewe. Mimi nilizima simu.

Waya Phelesia, yaani shangazi, dada ya baba, aliniletea ugali na samaki jua likielekea kuzama. Ni mama mzee mfupi, sauti ya chini, hapendi kuzunguka na maneno. Aliweka sahani sakafuni, akatazama mabati, akatazama kuta.

"Ulikata nguzo ya kwanza wewe mwenyewe?" akauliza.

"Hapana, waya. Nilikuwa nakunywa chai."

"Ulishika hata nyundo?"

"Hapana."

Alikaa chini.

"Mtoto wangu, sikiza mimi. Simba ya mtu hai hujengwa na mwenyewe. Anakata nguzo ya kwanza kwa shoka yake, wengine wanamsaidia. Nyumba ya kujengwa na watu wengine, siku moja, bila dirisha, hiyo tunajengea kijana aliyekufa hana nyumba kwa babake. Tunaweka maiti ndani kidogo, ndio tunazika."

Nilirudisha tonge kwenye sahani.

"Labda ni haraka tu ya matanga," nikasema.

"Yale majina ulitaja asubuhi," Phelesia akaendelea. "Elkana. Ogutu. Radoli. Migwalla. Mama yako alikufundisha vizuri. Lakini alikuambia hao wote walikuwa wa pili?"

"Wa pili vipi?"

"Hakuna kayo hata mmoja hapo. Kaka yangu Elkana alikuwa na mkubwa wake, Okumba. Baba yetu alikufa mwezi wa pili, Okumba akakufa wa tisa. Ogutu naye alikuwa na mkubwa, na Radoli pia. Katika hii boma mtoto wa kwanza hamalizi mwaka baada ya babake. Uchifu unaendanga kwa wa pili."

Mama alinifundisha kwamba hayo ni mambo ya giza, mtu amwombe Mungu alale. Nilijaribu kulikumbuka ombi lolote, nikakosa.

"Okumba alikufa na nini?" nikauliza.

"Tumbo. Leo wangemkata wangetoa hiyo kitu, angepona."

"Hakupelekwa hospitali?"

Phelesia alitazama mlangoni kwanza.

"Asumbi kuna wamisheni tangu zamani, na ni karibu," akasema. "Lakini kila mtu alikuwa anangojea. Akilia, watu wanasema saa yake imefika. Mke wake mwenyewe aliogopa kumshika. Alilala siku sita, mimi nikiwa msichana mdogo nikimpelekea maji. Hawakumuua, mtoto wangu. Walimuacha tu."

Hilo ndilo lililoniogopesha kuliko laana yenyewe. Laana mtu anaweza kubishana nayo. Lakini boma zima likishakubaliana kwamba wewe ni wa kufa, ukiumwa na nyoka nani atakimbia kutafuta pikipiki?

"Kwa nini unaniambia?" nikamuuliza.

"Kwa sababu asubuhi niliona uso wako ukisema. Na niliona uso wa Japheth."

Akachukua sahani akaondoka. Usiku ule siusimulii. Nilikaa nimeegemea mlango kwa ndani, nikisikiliza wanaoimba hemani, na hata mkojo niliuzuia mpaka kukapambazuka.

Ijumaa asubuhi kijana mmoja wa kuhudumu alinisukumia maboksi mawili ndani ya simba yangu. Ni vile vijitabu vya mazishi, alisema, visilowe na umande. Nikafungua kimoja nione picha ya baba. Alikuwa na pua yangu.

Nikafungua ukurasa wa pili. Palikuwa na maisha ya marehemu, ameoa lini, ametawala lokesheni miaka mingapi, kisha watoto. Na jina la kwanza kabisa, kabla ya Japheth, lilikuwa langu. Simeon, mtoto wa kwanza.

Nilifurahi, sitawadanganya. Nikapitisha kidole juu ya jina. Ndipo nikaona karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa boksi na mchapishaji wa Homa Bay mjini. Kazi ililetwa Jumatatu.

Japheth alinipigia simu Jumatano. Wazee waliniuliza nani mkubwa siku ya Alhamisi. Na jina langu lilichapishwa juu ya lake Jumatatu, wakati mimi niko chini ya ardhi Masara sijui hata kama baba amekufa.

Nilitoka na kijitabu mkononi. Japheth nilimkuta nyuma ya tangi la maji akifunga tai. Aliniona uso akajua.

"Omera, umelala vizuri?"

"Hii iliandikwa Jumatatu," nikasema.

Akaendelea kufunga tai.

"Japheth, nina neno. Mimi si mkubwa wako. Kitambulisho changu kina uongo. Nilizaliwa themanini na sita. Nataka kuwaambia wazee kabla ya misa."

Nilitegemea ashangae. Nilitegemea anitukane, anifukuze, anipige hata kofi. Ningeshukuru.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Mzee alianza kulala Awendo mimi nikiwa tayari nakimbia. Mama alikuwa akinibeba kumtafuta. Umri wako naujua. Na hiyo kitambulisho pia, mzee ndiye alisaini fomu, hukujua?"

Nikashika tangi. Ni kweli fomu ilirudi imesainiwa na chifu fulani, na mimi nilidhani ni bahati.

"Kwa hivyo ulijua nitasema uongo."

"Sikujua. Niliomba." Sauti yake ilianza kukatika. "Simeon, mimi nina watoto wanne. Tangu mzee augue silali. Nikikohoa, bibi yangu ananitazama. Kazini wananiaga kama mtu anasafiri. Jamaa mmoja wa maombi akaniambia, tafuta mtu mwingine akubali kwa mdomo wake, mbele ya baba, kwamba yeye ndiye kayo. Asilazimishwe. Akubali mwenyewe."

"Na mimi nikakubali."

"Hata hukungoja uulizwe mara ya pili."

Alikuwa analia. Nami nilimwonea huruma, Mungu anisamehe, mtu mzima aliyenyoa vizuri, analia kwa kuogopa kufa. Kisha nikakumbuka ni mimi amenitanguliza.

"Na nyumba?" nikauliza. "Kwa nini bila dirisha?"

Akafuta macho kwa ncha ya tai. "Hiyo walisema ijengwe hivyo," akasema, na akashindwa kunitazama.

Nikageuka nikaenda moja kwa moja langoni. Sikuchukua begi. Binamu wawili walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki wakipokea wageni. Walisimama kwa heshima kabisa.

"Kayo, unaenda wapi?"

"Dukani, kununua vocha."

"Tutakutumia. Mtoto wa kwanza hatoki bomani mpaka siku nne ziishe, mnyolewe." Mmoja alinishika kiwiko, taratibu, akanirudisha kwenye hema kama mtu anayemsaidia mgonjwa.

Kila niliyempita alinipa pole. Akina mama waliinama kidogo. Mmoja akaniangalia juu mpaka chini akamwambia mwenzake kwa Kijaluo, na Kijaluo nakijua tangu Awendo: bado kijana, masikini.

Saa sita misa iliisha. Watu walikuwa wengi mpaka wengine wamekaa juu ya ua. Mwenye maikrofoni, mtu mcheshi wa Rangwe, akasema sasa familia itajitambulisha, na kwamba boma hili limepata baraka, mtoto aliyepotea amerudi. Akaniita mbele. Kayo wa chifu, akasema, atuambie neno.

Nilisimama nikiwa na jasho mgongoni. Mkono wa kulia lilikuwepo jeneza, mbele yangu kaburi, na kule langoni nyumba yangu ya mabati inang'aa kwa jua.

Nikapiga hesabu ya haraka. Nikinyamaza, nina jina, nina kipande cha ardhi, na boma zima linaloningojea nife. Nikisema, narudi kuwa mtoto wa nje tena, mwongo wa mbele ya maiti, na nikifa nitazikwa karibu na takataka. Lakini nitakuwa nimeishi. Niliogopa sana, na woga ndio ulionifungua mdomo, si ushujaa.

"Naitwa Simeon," nikasema. "Jana nilisema mimi ni mkubwa. Nilidanganya. Nilizaliwa mwaka wa elfu moja mia tisa themanini na sita. Japheth alinitangulia. Yeye ndiye kayo. Baba, nisamehe. Wazee, nisameheni."

Kisha kelele zikaanza nyuma, zikaja mbele. Mtu akaniita mbwa. Mzee Ogweno alikuwa amesimama, mkongojo juu, lakini hakunielekea mimi. Alikuwa anamtazama Japheth. Wote walikuwa wanamtazama Japheth, na niliona mkewe akisogeza kiti chake kando kidogo, bila kujua anafanya hivyo.

Uso wa Japheth ulikuwa umebadilika rangi.

Nilifikiri imekwisha. Nilifikiri nitapigwa, nitatupwa nje ya lango, na nitatembea mpaka Rangwe nikiwa hai.

Ndipo Mama Rispa akasimama.

Hakuwa amesema neno tangu Alhamisi. Alikuja na lile koti la mumewe linaloburuta, akanyoosha mkono, nami nikampa maikrofoni.

"Mama, keti," Japheth akasema. "Mama, tafadhali."

"Wewe ndio uketi," akasema, kisha akatugeukia. "Huyu kijana amesema ukweli. Miaka yake ni hiyo. Japheth ni mkubwa kwa miaka miwili."

Watu wakaguna.

"Lakini hicho kitu kinachokula watoto wa kwanza wa hapa kinafuata damu," akasema. "Nimekaa hapa miaka arobaini na moja nikiogopa kusema. Leo mnamtazama mtoto wangu kama mtu amekufa, kwa hivyo nitasema. Nilipoolewa hapa nilikuwa na mimba ya miezi mitatu. Haikuwa ya Elkana. Elkana alijua, akanichukua hivyo, na hakunitukana nayo hata siku moja. Alimlea Japheth, akampa jina, lakini hakumzaa."

Katekista alifanya ishara ya msalaba. Japheth alikuwa amekaa chini kwenye nyasi na shati lake jeupe, miguu imenyooshwa mbele.

Mama Rispa alinigeukia. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama kwa muda. Hakuwa na chuki usoni, na hilo lilinitisha zaidi.

"Nilimchukia mama yako," akasema, maikrofoni bado iko mdomoni, watu wote wakisikia. "Kwa sababu aliweza kumpa alichokuwa anataka. Wewe ndio mtoto wa kwanza Elkana alizaa. Jana ulidhani unadanganya."

Kitu nilichokitafuta tangu siku ile ya shimo la takataka, mtu asimame mbele za watu aseme mimi ni mtoto wa Elkana, wa kwanza, bila kitambulisho, bila ushahidi, nilikuwa nimekipata. Na sikukitaka tena.

"Mama," nikasema, "sema si kweli."

"Ni kweli," akajibu. "Pole."

Jeneza liliposhushwa, Mzee Ogweno alichukua koleo kutoka kwa wachimbaji. Alitembea polepole kati ya viti, watu wakivuta miguu yao. Hakuuliza tena nani alitangulia. Alisimama ukingoni mwa kaburi akaninyooshea mpini, nitupe udongo wa kwanza.

Japheth aliinuka kutoka kwenye nyasi. Alikuwa katikati yangu na lile kaburi, machozi yamemkauka, kaka yangu ambaye hakuwa kaka yangu. Nilimwangalia nikitumaini atasema kitu, hata neno moja, kwamba yeye alilelewa hapa na udongo ni wake.

Japheth akashusha macho, akarudi nyuma hatua mbili, akanipisha.